Jibini ya kuyeyusha kwenye zege, mantabali na mihogo: mwongozo wa anayeanza

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Nimeweka jibini kwenye chipsi mayai ikatoa mafuta, nimekosea wapi?" "Yangu haivutiki hata kidogo." "Nitumie ipi, ile ya vipande au ya kukwangua?" Na la mwisho, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Mama mkwe akiona, si atasema nimeharibu chakula?" Hilo la mama mkwe ndilo gumu kuliko yote, nalo nimelitengea sehemu yake. Lakini tupike kwanza, maana mabishano mengi kuhusu jibini huwa ni kati ya watu waliokula iliyopikwa vibaya.

Niseme msimamo wangu mapema. Jibini haifai kila mahali. Kabla ya kuitoa kwenye friji, jiulize: chakula hiki kina mafuta yake tayari, na kina ule uzito wa maziwa au nazi? Kama kinavyo, jibini haina kazi pale. Kama ni kikavu, kina ukoko, au kinategemea yai, endelea.

Vinavyoikubali na vinavyoikataa

Vinavyoikubali: chipsi mayai (ndiyo zege lenyewe), mantabali (unga mwembamba uliokunjwa na kima na yai ndani), sambusa, chapati iliyoviringishwa na mayai (rolex, kwa walioko Kampala), viazi vya kuchoma, ndizi za kuchoma, mihogo iliyochemshwa kisha ikakaangwa, maharage yaliyoungwa bila nazi.

Vinavyoikataa, orodha inaanza na chochote cha nazi. Samaki wa kupaka, kuku wa kupaka, pweza wa nazi, mchicha wa nazi, usiviguse. Tui limeshafanya kazi ambayo jibini ingeifanya, na ukizichanganya zinakuwa mafuta mawili yanayogombana mdomoni. Waitalia wenyewe, wenye jibini za kila aina, wengi wao hawataki kuiona juu ya tambi za samaki. Urojo nao uache: ukwaju na embe mbichi ni ukali, na jibini ikiingia kwenye mchuzi mkali wa moto inakatika chengachenga. Mishkaki pia, kwa sababu nyepesi kabisa, itadondokea kwenye makaa. Pilau sitaki hata kulijadili. Umekaa ukakaanga bizari nzima, iliki na mdalasini, halafu ufunike harufu yote hiyo?

Ugali unaulizwa sana. Inawezekana: huko kaskazini mwa Italia, kwenye milima ya Aosta, wanasonga polenta, ambayo ni ugali laini wa mahindi, na kuichanganya na jibini ya fontina hadi ipotelee ndani. Lakini wao wanaila hivyo hivyo, yenyewe ndiyo mlo. Ugali wetu unakatwa, unafinyangwa, unachovya. Ukiutia jibini unanata vidoleni na mboga inakosa nafasi. Ukitaka kujaribu, fanya ule mlaini wa kuliwa kwa kijiko, na usiuite ugali mbele ya wenye njaa.

Utakavyohitaji kabla ya kuwasha jiko

- Kikaango kizito cha upana wa sentimita 20 hadi 22, kisichoshika.
- Mfuniko unaokaa sawasawa juu ya kikaango hicho. Huu ndio watu husahau, na bila huo kazi yote ni bure.
- Tava la chapati, kwa mantabali.
- Kikwangulio cha karoti, upande wa matundu makubwa.
- Sahani bapa kubwa kuliko kikaango, ya kugeuzia.
- Ndimu au limau, na kachumbari. Jibini ni nzito na ina chumvi, inahitaji kitu cha kuikata.
- Jibini yenyewe, gramu 50 hadi 60 kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo unajaza, huongezi ladha.

Kuchagua jibini

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mozarela kavu, ile ya donge gumu au ya mfuko, ndiyo inayovutika. Ladha yake ni ya upole. Ile mozarela nyingine inayouzwa ikielea kwenye maji ni tamu kwa saladi, lakini kwenye kikaango inamwaga maji na kulowesha mayai yako.

Cheda na gauda hazivutiki sana, ila zina ladha. Mimi huchanganya: mozarela sehemu mbili, cheda au gauda sehemu moja. Gauda haihitaji kutoka Uholanzi. Masisi, karibu na Goma, wanatengeneza jibini ya mtindo huo tangu zamani, na mtu yeyote aliyesafiri kutoka Goma anajua kwamba ndiyo zawadi inayoombwa. Rwanda wana ya Gishwati. Kenya kuna watengenezaji wazuri upande wa Limuru. Tanzania, Njombe wanatengeneza jibini za mtindo wa Kiitalia kwa maziwa ya wafugaji wa huko huko. Uliza dukani kwako kabla ya kulipia ya ndege.

Jibini ya vipande na ile laini ya pembetatu zimesindikwa kwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta kujitenga. Zinadharauliwa bure. Kwa mtu anayeanza ndizo salama zaidi, maana ni vigumu kuziharibu kwa moto. Tena aina hii ilibuniwa Uswisi mwaka 1911, na watu ambao hakuna wa kuwafundisha jibini, kwa hiyo usione haya. Ubaya wake ni kwamba hazivutiki na zina chumvi nyingi.

Usinunue kwa ajili ya kuyeyusha: feta, halumi, panira. Halumi na panira zitaiva rangi nzuri na kubaki na umbo lake hata ukizikalisha motoni saa nzima. Ni jibini nzuri, kwa kazi nyingine.

Kwa anayejali uhalali: maziwa ya jibini nyingi hugandishwa kwa reneti, ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Siku hizi nyingi hutumia reneti isiyotoka kwa mnyama. Soma pakiti au tafuta alama ya halali. Na ile iliyokwanguliwa kabisa kiwandani imepakwa unga wa wanga ili isigandamane, kwa hiyo haiyeyuki laini kama ya donge. Ukiweza, nunua donge ukwangue mwenyewe.

Nadharia ni hii tu, na haizidi hapa. Jibini ni wavu wa protini ulioshika mafuta na maji. Joto likifika kama nyuzi 55 hadi 65 wavu unalegea, jibini inatiririka. Joto likizidi sana, wavu unajikaza na kukamua mafuta nje. Basi kazi yako ni kuipa joto la kutosha, kwa muda mfupi, likiwa limefunikwa.

Zege la jibini, hatua kwa hatua

Kwa mtu mmoja mwenye njaa: viazi gramu 250, mayai matatu, jibini gramu 60, nusu kitunguu, robo ya pilipili hoho, chumvi kidogo.

1. Kwangua jibini ikiwa bado ya baridi, ikishapata joto inapondeka. Ukishakwangua iache mezani kama dakika kumi. Ikiingia kwenye kikaango ikiwa imetoka kwenye friji papo hapo, yai litaiva na kukauka kabla yenyewe haijayeyuka.

2. Kaanga chipsi hadi ziwe kavu nje, zikitikiswa zigongane. Chuja mafuta vizuri, zimwage juu ya karatasi. Zile chipsi laini zilizolala kwenye kabati la kioo tangu saa nane mchana hazifai hapa. Zina mafuta yaliyotuama, na jibini itaongeza mengine juu yake.

3. Katakata kitunguu na hoho vidogo, changanya na mayai, piga. Chumvi tia nusu ya unayotia siku zote. Jibini italeta iliyobaki.

4. Bandika kikaango moto wa kati, mafuta kijiko kimoja cha chakula. Panga chipsi zijae chini, kisha mimina karibu robo tatu ya mayai. Iliyobaki iache kwenye bakuli.

5. Subiri kingo za yai zianze kushika huku katikati bado kuna umajimaji. Sasa tawanya jibini, lakini acha upana wa kidole kimoja pembeni pote bila jibini. Ikigusa chuma cha kikaango inaungua na kunata. Mara moja mimina yai lililobaki juu yake, liifunike.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Watu wengi huweka jibini juu mwishoni, kwa ajili ya picha. Inayeyuka juu, inapoa baada ya dakika mbili, na inakuwa ngozi inayotoka nzima ukiing'ata. Ikiwa ndani ya yai inakaa na joto lake hadi umalize kula.

6. Yai likishika, telezesha zege kwenye sahani bapa, funika kwa kikaango, pindua. Usijaribu kulirusha hewani, lina uzito na lina kitu cha moto ndani.

7. Punguza moto hadi wa chini, weka mfuniko, dakika mbili. Mvuke ndio unaoyeyusha. Anayetumia jiko la mkaa atoe makaa, yabaki machache, au asogeze kikaango pembeni. Mkaa hauna kitufe, na jibini haisubiri.

8. Epua, liache litulie dakika moja, ndipo ukate. Kachumbari yenye ndimu ya kutosha pembeni. Tomato sosi ni hiari yako. Mimi naona utamu wake unaizidi jibini, lakini pilipili ya ukwaju inakwenda nayo vizuri sana.

Kosa linalorudiwa zaidi ya yote: kuongeza moto kwa sababu jibini "inachelewa". Haicheleweshwi na moto mdogo, inacheleweshwa na kukosa mfuniko.

Mantabali yenye jibini

Huko Forodhani, Unguja, wanaiuza kwa jina la Zanzibar pizza: unga uliokandwa na kulainishwa kwa mafuta, ukachanuliwa mwembamba, kima, vitunguu, hoho, yai, mayonezi, na ile jibini laini ya pembetatu. Mombasa wana ndugu yake, mkate mayai, ambao kwa kawaida hauna jibini. Nyumbani unafanya hivi.

1. Kanda vikombe viwili vya unga wa ngano na chumvi, kijiko cha mafuta na maji ya uvuguvugu hadi uwe laini kuliko wa chapati. Gawa madonge manne makubwa na manne madogo, yapake mafuta, yafunike, yaache saa nzima au zaidi. Usiharakishe. Unga usiopumzika unarudi nyuma ukiuchanua, na mwisho unachanika.

2. Pika kima kwa thomu, tangawizi, bizari ya mchuzi na ndimu hadi kikauke kabisa. Kipoe. Kisha onja. Kima kisipokuwa kitamu peke yake, rudi jikoni. Jibini si ya kuficha kima kisicho na ladha, na hili nitalirudia huko mbele.

3. Paka meza mafuta, chanua donge kubwa kwa vidole hadi uone mkono wako kupitia kwake. Chanua dogo, liweke katikati ya kubwa. Hilo dogo ndilo linalozuia kisivuje.

4. Katikati weka vijiko vitatu vya kima, kitunguu na hoho mbichi zilizokatwa ndogo, jibini gramu 40, kisha vunja yai juu. Changanya papo hapo kwa uma, taratibu, usitoboe unga. Mayonezi kama unaipenda. Mimi naona ukishaweka jibini, mayonezi inazidi.

5. Kunja pande nne ziwe mraba, zipandane.

6. Tava liwe na moto wa kati kwenda chini, samli kidogo. Laza upande wa mikunjo kwanza ili ujifunge. Dakika tatu au nne, geuza, tena hivyo hivyo. Ukiona rangi inakuja haraka, moto ni mkali. Yai ndani litakuwa bichi na jibini bado vipande.

Mozarela hapa inavuta nyuzi ukikata, watoto wanafurahi. Ile ya pembetatu inakuwa krimu. Zote sawa.

Mihogo na mchuzi wa jibini

Hii ni fupi. Chagua mihogo mitamu ya kuliwa, menya, toa mzizi wa katikati, chemsha hadi ilainike kabisa, mwaga maji. Muhogo usiachwe nusu mbichi, hata kama unaupenda mgumu. Kaanga kidogo upate ukoko.

Mchuzi: maziwa kikombe kimoja (mililita 250), cheda iliyokwanguliwa gramu 100, konflawa kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga.

1. Pakaza jibini konflawa yote ikiwa bado kavu, izisambae chembe zote.
2. Pasha maziwa hadi yatoe mvuke na viputo vidogo pembeni.
3. Tia jibini kidogo kidogo moto ukiwa chini kabisa, ukikoroga kwa mwiko. Mkupuo mmoja unaleta donge.
4. Ikishakuwa laini na nzito, epua. Isichemke. Ikichemka kwa nguvu inaweza kukatika.
5. Ndimu kamulia kwenye muhogo ukiwa kwenye sahani. Usiikamulie kwenye sufuria ya mchuzi.

Anayetaka ukoko wa juu na hana oveni atumie njia ya mkate wa kumimina: panga mihogo kwenye sufuria pana, mwagia mchuzi, nyunyiza jibini kidogo, funika kwa mfuniko wa bati, palia makaa juu, chini yabaki machache. Dakika tano hadi nane. Hakuna oveni inayoshinda hii.

Ukibishiwa kwamba umeharibu asili

Utabishiwa. Nyumba nyingine hata kabla hujaonja. Haya ndiyo ninayomshauri anayeanza.

Kwanza, usikimbilie historia, ingawa utashinda. Ndiyo, viazi, mahindi, mihogo, nyanya na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika, na vingi kati ya hivyo vililetwa pande hizi na Wareno baada ya kufika pwani yetu mwaka 1498, ila viazi vilikuja na Wazungu wa karne ya 19. Ndiyo, karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na Unguja ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiyo, huko Brazil, uliko muhogo tangu asili, wanga wa muhogo na jibini huokwa pamoja na kuliwa asubuhi na hakuna anayeshangaa. Yote kweli. Lakini shangazi anaposema "hiki si chakula chetu" hazungumzii karne ya 16. Anasema kwamba ladha hii hakuikuta kwa mama yake. Ukimjibu kwa tarehe utamnyamazisha, na chakula chako hatakionja.

Pili, tenganisha chakula cha njiani na chakula cha shughuli. Huu ndio mpaka ninaoushika mimi. Chakula cha njiani kimezoea kubadilika, anayekiuza anatia kilichopo na kinachotakiwa na wateja wa jioni ile. Mantabali yenyewe ni msafiri. Yemen na Saudia wanaiita mutabbaq, Indonesia martabak, Malaysia murtabak, na kila ilipofika ilijazwa vya hapo. Muscat, wenzetu wanaozungumza Kiswahili wamekulia mkate wa chapati uliopakwa jibini laini, ukavunjiwa Chips Oman (krispi za pakiti) na kumwagiwa pilipili, na ni chakula cha vijana chenye heshima zake. Sambusa za jibini zipo kwenye meza za futari huko Ghuba kila Ramadhani. Hapo jibini ina ruhusa. Lakini biriani ya harusi, pilau la maulidi, ubwabwa wa arobaini, hivyo havina mpishi mmoja mwenye uhuru navyo. Wenyewe ni waliokusanyika, wamekuja wakijua watakachokuta. Jaribio lako lisubiri Jumanne.

Tatu, pika na kile cha kawaida pembeni. Zege moja lenye jibini na moja lisilo nayo, jiko ni hilo hilo, dakika kumi zaidi. Anayetaka atajisogezea. Nimeona hili likimaliza ugomvi kuliko hoja yoyote.

Nne, kiite kwa jina lake. Ukiuza, andika "zege la jibini". Usimuuzie mgeni kwa kumwambia ndivyo babu zetu walivyokula. Huo ni uongo, na ndio unaowaudhi watu kwa haki.

Kuna wanaosema ni kuiga Wazungu. Hoja hiyo naiona nyepesi, maana maziwa kwetu hayakuletwa na meli. Kuna samli, maziwa mgando, mursik ya Wakalenjin, eshabwe ya Ankole inayopigwa kwa samli hadi iwe nyeupe na laini. Jibini ya kukomaa ndiyo iliyochelewa kufika, na sasa inakamuliwa Njombe na Masisi.

Lakini wapinzani wana hoja moja ambayo naikubali yote: jibini inafunika. Mpishi asiyejua kuunga kima anaimwaga jibini juu na watu wanasifu. Ukiingia kwenye kibanda ambacho kila kitu kina jibini, kuanzia viazi hadi kuku, mara nyingi hakuna anayejua kupika kuku pale. Kwa hiyo sheria ya hatua ya pili ya mantabali ni kwa kila chakula: kionje kabla ya jibini. Kama hakijakamilika bila hiyo, huyo shangazi yuko sahihi.

Yakienda kombo

*Imetoa mafuta, madimbwi ya njano juu.* Moto ulikuwa mkali au umekaa muda mrefu, au jibini ni cheda iliyokomaa sana, ambayo hutoa mafuta kirahisi. Kwa sasa, gusisha karatasi juu inyonye. Kesho, changanya na mozarela au na kipande cha ile iliyosindikwa.

*Haivutiki.* Umetumia cheda peke yake, au ya vipande, au iliyokwanguliwa kiwandani. Au imeshapoa. Nyuzi zinatoka ikiwa ya moto, dakika za mwanzo tu.

*Imekuwa ngumu kama raba.* Iliungua kabla ya yai kuifunika, au umepasha moto mara ya pili. Hairudi tena.

*Haijayeyuka kabisa, vipande vimebaki.* Angalia pakiti, huenda umeuziwa halumi au panira. Kama ni mozarela, ilikuwa ya baridi mno au hukufunika. Rudisha kwenye moto mdogo, nyunyiza matone machache ya maji pembeni mwa kikaango, funika dakika moja.

*Zege limelowa, linamwaga maji.* Mozarela ya maji, au nyanya ndani ya mayai. Nyanya ibaki kwenye kachumbari.

*Mchuzi umekuwa na chengachenga.* Ulichemka au ulitia ndimu ndani. Epua, tia kijiko cha maziwa ya baridi na kipande kimoja cha jibini iliyosindikwa, koroga kwa nguvu. Mara nyingi unarudi. Usiporudi, upikie maharage, hakuna atakayejua.

*Chumvi imezidi.* Hakuna dawa ndani ya yai. Ongeza kachumbari isiyo na chumvi na viazi vya kuchemsha pembeni.

*Tumbo linasokota.* Watu wazima wengi hawavumilii sukari ya maziwa. Cheda na gauda zilizokomaa zina kidogo sana kuliko maziwa yenyewe, jaribu hizo kwanza, kiasi kidogo, na uache mchuzi wa maziwa.

*Umeme umekatika na donge limebaki.* Cheda na gauda zikifungwa kwenye karatasi ndani ya chombo zinavumilia saa kadhaa bila friji. Mozarela haivumilii, ipike usiku huo huo. Umeme ukirudi, kwangua iliyobaki ya donge, igawe kwenye mifuko midogo ya gramu 60, igandishe. Siku ya kupika itie kwenye kikaango baada ya kukaa mezani robo saa.